Springi Mpya za Mke Mwenza

Jumatatu, 20 Mei 2024

Daftari hili lilikuwa la gari. Kurasa nne za mwanzo ni oili, matairi, plagi. Kuanzia leo naandika na mengine, maana humu nyumbani sina wa kumwambia. Mama yupo, lakini nikifungua mdomo ananijibu kwa kuguna.

Siku ya kumi na moja tangu nimpe Husna talaka.

Haya, nimeandika. Nimelifuta neno lenyewe mara mbili ndipo likakaa, na siku ile lilinitoka kirahisi tu!

Niyaweke sawa walau humu. Jumapili ya tarehe 5, asubuhi, simu ilipigwa kutoka Kwemlondo, kwao, juu huko kupita Mlalo. Mama yake amefariki. Maziko baada ya adhuhuri. Husna akasema tuchukue bodaboda mbili, tutawahi. Mimi nikasema mkwe haendi msibani kwa bodaboda wakati gari lipo uani. Lipo! Pikapu ya foowili, sawa, lakini springi zimelala kwa kubeba kabichi miaka sita, tumbo linakaribia kusugua lami. Na mimi nikalipandisha Kwemlondo baada ya mvua. Kwenye mwinuko wa mwisho kuna jiwe kubwa katikati ya njia; hapo juu yake likakaa. Sampu ya injini ikapasuka, oili yote chini. Mtandao hakuna. Bodaboda hakuna. Husna akavua viatu, akapanda kwa miguu, saa nzima na nusu. Alipofika alikuta jeneza linarudishwa msikitini tupu. Sisi hatulazi maiti. Uso wa mama yake hakuuona.

Baada ya hitima tukarudi. Alhamisi akasema, uani, mbele ya mama na jirani yetu Paskali: "Ungenipandisha bodaboda ningemwona mama." Akarudia. Akarudia tena. Nami badala ya kusema nisamehe nikasema lile neno. Talaka moja. Paskali ni Mkristo, lakini hata yeye alivua kofia.

Hakulia. Alikunja nguo zake, akamuaga mama, akaondoka. Kwa bodaboda.

Eda ni miezi mitatu. Nimehesabu kwenye kalenda ya dukani: siku tisini zinaisha Jumatano, 7 Agosti. Nimeizungushia wino mwekundu. Kabla ya siku hiyo nitamrejea. Lakini sitamrejea kinyonge. Nitalinyanyua gari hili hili, nitalipita jiwe lile lile, nisimame mlangoni kwa baba yake mchana kweupe.

Gari yeye alikuwa akiliita Mke Mwenza. "Mke mwenzangu leo kashiba mafuta, mimi je?" Nilikuwa nacheka. Sasa silioni la kuchekesha.


Alhamisi, 30 Mei

Vifaa vimefika kwa basi kutoka Dar! Springi nne, kila moja imeongezwa pleti mbili. Shokapu ndefu. Yu-bolti nane nyeusi za kubania springi, zinang'aa. Bushi za mpira zinanukia upya. Gari litapanda juu karibu kiganja kizima.

Mafundi wa gereji ya chini ya soko wamesema siku mbili kazi imekwisha. Nimekataa. Nililikwamisha mwenyewe, nitalinyanyua mwenyewe. Duka la mbegu nitafungua saa nne, asubuhi ni ya gari.

Paskali kaegemea ua. Ameendesha malori ya shamba la chai miaka thelathini, anajua kila kitu na hasemi mpaka umeharibu. Kaniuliza: "Mgosi, unakwenda kumchukua mke, au unapanda Kilimanjaro?"

Nikamwambia ashike kazi yake. Akasema kazi yake ni kustaafu.


Jumapili, 2 Juni

Gari lipo juu ya magogo ya mkaratusi. Magurudumu yote nje. Linatia huruma.

Yu-bolti za zamani zimeota kutu hadi hujui nati iko wapi. Nimezimwagia mafuta ya taa tangu jana. Mbili zimefunguka, moja imekatika, ya nne imenichuna vidole vitatu. Damu kwenye spana. Nikatukana. Mama akafunga dirisha.

Nilipotoa kiti nifikie bolti ya pembeni nikaokota kijiko. Cha Husna. Safarini lazima ale parachichi, na lazima kwa kijiko, hata njia iwe na mashimo namna gani. Nilikuwa namwambia utajitoboa jicho. Kijiko kina ukoko wa parachichi bado, umegeuka mweusi. Nimekitia mfukoni. Sijakiosha.


Jumanne, 11 Juni

Ujumbe kwenye simu! Wa kwanza tangu aondoke.

"Arobaini ni Jumamosi. Njoo."

Maneno manne. Nimeyasoma asubuhi, nimeyasoma dukani mteja akisubiri mbegu za karoti, nimeyasoma chooni. Njoo! Hakuandika "ukitaka". Hakuandika "na mama". Njoo.

Mama nikamwonyesha. Mara ya kwanza mwezi huu amenitazama usoni. Akasema basi, Jumamosi alfajiri panda gari la Mlalo, pale chukua bodaboda, saa tatu uko kwa wakweo.

Bodaboda. Nikitokea kwa bodaboda leo, si ndiyo nimekiri kwamba siku ile ingetosha? Watu wote wa Kwemlondo wataona. Baba yake ataona. Hapana. Springi za nyuma naziingiza kesho, za mbele keshokutwa, Ijumaa nalishusha. Jumamosi napanda nalo. Itawezekana.

Nimemjibu: "Inshallah."


Ijumaa, 14 Juni

Nimezigeuza!

Springi za nyuma zote mbili! Ile bolti ya katikati haikai katikati kweli, upande mmoja ni mfupi, na upande mfupi ndio unaokwenda mbele. Mimi nimeuweka nyuma. Nimelishusha gari saa kumi jioni, nikisema bismillah, nikalisukuma, tairi likagusa bodi. Ekseli yote imerudi nyuma vidole vitatu.

Paskali akaja, akainama, akatazama. Hakutania. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Kufungua tena zote. Siku mbili, tatu.

Mama amesimama mlangoni: "Gari la Mlalo linaondoka alfajiri." Nikasema nimesikia.


Jumamosi, 15 Juni

Leo arobaini. Nimeshinda chini ya gari.

Mama miguu haimruhusu safari. Amesoma Yasini peke yake sebuleni, mlango kauacha wazi makusudi ili nisikie. Nimesikia yote.

Sikwenda. Sikwenda. Sijui mtu wa namna gani mimi.


Jumatatu, 17 Juni

Iddi. Mama kapika pilau ya watu watatu, mazoea. Paskali kaletewa sahani yake, kala, kashukuru, kauliza habari za Kwemlondo. Nikasema hakuna.

Nilimwandikia Husna: "Iddi Mubarak. Nilipata tatizo la springi." Alama mbili zikageuka buluu. Hakujibu. Tatizo la springi! Mwanamke kasoma hitima ya mama yake, mimi namwambia habari za springi.


Jumatano, 3 Julai

Baridi hii inakula mifupa. Ukungu haujatoka uani tangu juzi, spana zimegandamana na vidole. Lakini springi zote nne zimekaa, upande mfupi mbele. Shokapu zimeingia. Gari limesimama juu, kifua mbele. Zuri! Niseme kweli, ni zuri. Nimelizunguka mara tatu. Nilitaka kumwita mtu aje aone, nikakumbuka.

Paskali kalala chini kwa magunia, uzee wake wote ule, kapapasa. "Mpira wa breki umeuona?" Nikauona. Gari limepanda, mpira haukupanda. Umevutika hadi umekonda. Kasema ukiingia kwenye shimo gurudumu likining'inia, mpira unakatika, na kuteremka Kwemlondo bila breki ni kwenda kuzikwa bila kuugua. Tena na mke wa watu ndani.

Mke wa watu, alisema. Nikamuuliza watu gani. Akasema ni msemo tu, mgosi.

Mipira mirefu inapatikana Tanga. Wiki mbili.


Jumapili, 21 Julai

Mipira imefika juzi, nimefunga. Leo ilikuwa kutoa upepo kwenye breki. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja juu anakanyaga pedali, mwingine chini anafungua nati, upepo utoke na mafuta. Miaka yote aliyekuwa juu ni Husna. Alikuwa akivaa viatu vyangu, eti pedali inataka mguu wa kiume. "Nimekanyaga, Fundi! Niachie?" "Bado!" "Mguu unakufa ganzi, Fundi!" "Bado!" Tunacheka mpaka mafuta yananiingia machoni.

Paskali kaenda kanisani. Nikamwomba mama.

Kupanda ndiyo ilikuwa kazi. Gari limekuwa refu, mama miaka sabini na moja. Nikaweka kreti ya soda, nikamsukuma, akasema astaghafirullah, akafika. Akaukamata usukani kwa mikono miwili ingawa gari halina hata magurudumu.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

"Achia. Kanyaga tena."

Tulipofika breki ya tatu mguu wake ukasimama. Nikadhani kachoka. Kisha sauti yake ikashuka huko juu, pole pole, bila hasira:

"Ibrahimu. Ulimwacha kwa pumzi moja. Mbona kumrejea kunakuchukua miezi mitatu?"

Nikasema kanyaga, mama. Akakanyaga. Nililia hapo chini, mgongo kwenye tope, na yeye alijua, kwa sababu aliendelea kukanyaga na kuachia hata nilipoacha kumwambia.


Jumatatu, 22 Julai

Leo sikugusa gari. Mgongo. Mvua ndogo.

Kalenda: zimebaki siku kumi na sita. Muda upo.


Jumanne, 30 Julai

Nimelijaribu hadi Magamba na kurudi. Halilii, haliyumbi, halivuti pembeni. Kwenye yale mashimo ya njia ya msituni nilipita nikiwa nimekaa wima, kikombe cha chai kisingemwagika. Watu wanageuka.

Bado kukaza bushi mara ya mwisho. Hizi hazikazwi gari likiwa hewani. Unalishusha kwanza, libebe uzito wake lenyewe, ndipo unakaza. Vinginevyo zinajinyonga na kuchanika.

Nitapanda Jumanne ijayo, tarehe 6. Siku moja kabla ya wino mwekundu. Nitamwomba Ustaadhi Sharifu na mtu mwingine wa msikitini wafuatane nami, wawe mashahidi. Nimeosha gari. Nimenunua kanga doti moja, na parachichi nitachagua siku yenyewe. Kijiko kipo.


Ijumaa, 2 Agosti

Ya Rabi.

Baada ya swala nilimfuata Ustaadhi, nikamweleza. Jumanne, gari lipo tayari, siku ya themanini na tisa, tutawahi kabla ya tisini.

Akaniuliza, "Tisini umezitoa wapi?"

Nikasema si eda ni miezi mitatu? Kila mtu anasema miezi mitatu.

Akakaa chini. Akanikalisha na mimi. Akasema watu husema hivyo kwa kukadiria tu. Miezi mitatu ni ya mwanamke asiyeona damu. Mwenye kuona, hesabu yake ni twahara tatu, vile vipindi vya usafi kati ya hedhi na hedhi. Inaweza kufika siku tisini, inaweza isifike hata themanini. Haimo kwenye kalenda ya dukani. Imo kwake mwenyewe, na neno lake ndilo linalokubaliwa.

Miezi mitatu nimehesabu siku za mwili wa mtu mwingine kwenye kalenda yenye picha ya trekta!

Akauliza tena, na hili ndilo lililonimaliza: "Kwa nini hukumrejea kwa ulimi? Siku yoyote. Hata siku ile ile. Ungesema tu."

Nikamwambia nilikuwa natengeneza gari.

Akarudia neno langu: "Gari."

Kisha akasema, sema sasa hivi, kama bado yumo edani utakuwa umemrejea. Akamwita muadhini. Nikasema mbele yao wawili, pale kwenye mkeka: nimemrejea mke wangu Husna binti Kibwana. Sekunde tatu. Wala haikuhitaji spana.

Nimempigia Husna mara sita. Inaita, haipokelewi. Bushi nimezikaza jioni hii. Kesho alfajiri naondoka, peke yangu. Ustaadhi ana maziko Soni.


Jumamosi, 3 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya gari, uani kwa Mzee Kibwana, Kwemlondo. Nimeambiwa ningoje.

Nilipita Mlalo saa mbili. Kwenye ule mwinuko wa mwisho nikaingiza gia nzito, nikashika usukani. Nikasoma kila dua niijuayo. Ghafla mbele yangu ikatokea Probox. Probox! Imejaa kabichi hadi juu ya paa, tumbo chini kabisa, inateremka taratibu, dereva kaweka kiwiko dirishani. Akanipungia. Akapita.

Nikasimama. Nikashuka.

Jiwe halipo.

Pande mbili za njia kuna vipande, vyeusi kwa moshi, na katikati kokoto zimeshindiliwa vizuri, sawa na barabara ya serikali. Gari langu lilipita pale bila hata kuinama. Lingepita na springi zile za zamani.

Nilimkuta Mzee Kibwana uani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuongeza mwanangu.

Akanikaribisha kwenye benchi la nje. Nikauliza jiwe. Akasema lilivunjwa siku ya pili ya arobaini, watu wakiwa bado wamejaa. Husna ndiye aliyeomba msaragambo, kazi ya kijiji kizima kwa pamoja. Wanawake wakaleta kuni, yeye mbele, wakawasha moto juu ya jiwe tangu alfajiri hadi likaiva, kisha wanaume wakalimwagia maji ya mtoni. Likapasuka kwa mlio. Wakarudia kesho yake, Iddi yenyewe, baada ya swala.

"Tulimuuliza kwa nini ahangaike," mzee akasema. "Akasema, asije akapata kisingizio."

Nikauliza mbona hamkunieleza. Akasema Husna aliwakataza. Alitaka nije mwenyewe nilikute.

Siku ile ya moto mimi nilikuwa chini ya gari, nazigeuza springi.

Nikamwambia: baba, jana nimemrejea, mbele ya mashahidi. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akaita, "Husna, mgeni wako huyu."

Pazia la mlango lilijaa mtu. Halikufunguka. Miaka tisa nimeingia nyumba hii, Husna hutoka na maji ya kunawa mkononi, kichwa wazi, ananicheka nilivyochafuka vumbi. Leo alisimama nyuma ya pazia. Hapo nikajua, kabla sijaambiwa. Kwake nimekuwa mwanamume wa nje.

"Umefika salama?" akauliza.

"Salama."

"Halikugusa?"

Nikasema, "Halikugusa."

Niliona vidole vyake vya miguu chini ya pazia, kucha ya mguu wa kulia ina kovu jipya. La kuni au la jiwe, sijui. Kisha vikaondoka.

Mzee akasema kwa upole, na upole wake ndio uliouma: ametoka edani Jumatatu, tarehe ishirini na mbili ya mwezi uliopita. Neno la jana halikumkuta. Sasa ukitaka kusema kitu ni posa upya, mahari upya, na yeye akubali kwa hiari yake. Na posa haiji peke yake bila mshenga. "Lakini nitamuuliza kama huyo mshenga aje, au asijisumbue. Kangoje."

Basi nangoja. Nimefungua daftari nyuma, 22 Julai. Nimeandika kwa mkono wangu: Muda upo.

Kanga ipo kwenye kiti. Parachichi zimeiva. Nimesahau kabisa kumwambia nisamehe! Safari yote nimekuja, springi nne, shokapu nne, na neno lenyewe sijalisema. Nimesema halikugusa.

Mlango umefunguliwa. Ni Zakia, mdogo wake.

Hakunisogelea sana, na dirisha langu liko juu ilibidi anyanyue uso. Shikamoo yake ilikuwa ya haraka. Akasema dada anauliza: mshenga akija, mtakuja na usafiri gani?

Nikamwambia, kwa miguu. Kutoka Mlalo.

Nikamwambia pia amwambie dada yake anisamehe kwa ile Jumapili. Akasema hilo dada keshaonya asilibebe mtu mwingine, ulilete mwenyewe.

Amerudi ndani. Nimeshuka kwenye gari, nimesimama karibu na benchi nipate kulisema mwenyewe akisogea, naandika daftari likiwa kiganjani. Ukungu umefika kwenye boneti. Nasikia vikombe, na mzee anakohoa. Pazia halijatikisika.